Juu ya nini tunapenda wimbo fulani?



Siku ya posho iliyopita, kisha chakula cha jioni, kulitokea mabishano makubwa katika enternati. Mwanzo wake ulikuwa kitu kidogo sana. Kulikuwa radio moja na vijana wengi. Mmoja alitaka kusikiliza rumba ya zamani, mwingine alitaka nyimbo za kanisa, wa tatu alisema ya kwamba wale wawili ni wazee, yeye anataka nyimbo za sasa. Kila mmoja alipiga kelele: "Wimbo wangu njo muzuri!" Mwisho mwangalizi wa enternati alifika, akazima radio, na sisi wote tukalala bila muziki. Hiyo njo faida ya mabishano.

Lakini usiku ule sisi tunaoandika (tuko watatu, wote wa kwaya) tuliendelea kuongea pole pole kila mtu katika kitanda chake. Tuliulizana: juu ya nini mtu anapenda wimbo huu na hapendi ule? Kesho yake tuliuliza wenzetu. Mmoja alijibu: "Juu ya gitare." Mwingine alisema: "Juu ya maneno, inasema kweli." Wa tatu, kijana wa kimya ambaye haongei sana, alitujibu: "Juu mama alikuwaka anaiimba wakati ya kupika bukari." Hakuna aliyecheka. Tuliona ya kwamba huyu alijibu vizuri kuliko wengine wote, lakini hatukuweza bado kueleza sababu.

Leo tunataka kutoa wazo letu. Si mahubiri na si amri, ni wazo tu, na mwenye wazo lingine aandike, gazeti ni la wote. Wazo letu ni hili: wimbo unaoshika moyo wa mtu ni ule unaomwachia nafasi ya kuingia. Maneno yanaweza kuwa mazuri, sauti nne zinaweza kupatana bila kosa, lakini kama mlango umefungwa, msikilizaji anabaki inje akichungulia katika dirisha.

Tuanze hapa kwetu Likasi. Wakati wa Wabelgiji mji huu uliitwa Jadotville. Mwaka 1952 Mwingereza mmoja, Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka katika inchi nyingi za Afrika na mashini ya kunasa sauti, alifika hapa akakuta kijana mmoja na gitare lake. Kijana huyo ni Jean Bosco Mwenda. Jina lake lingine, Mwenda wa Bayeke, linatukumbusha Bunkeya. Tracey alinasa wimbo wake "Masanga", wimbo ukatoka katika disiki, ukavuka bahari. Mwaka 1969 Bosco mwenyewe alialikwa kupiga kule Newport, Marekani, mbele ya watu ambao hawakujua hata Likasi iko upande gani. Alikufa mwaka 1990 katika ajali ya gari. Lakini mpaka leo kuko wapiga gitare wa Ulaya na Marekani wanaojifunza "Masanga" kidole kwa kidole.

Wengi wao hawajui Kiswahili hata kidogo. Basi si maneno yaliyowashika. Ni nini? Tulisikiliza wimbo huo mara nyingi katika simu ya mwalimu wetu wa kwaya, tukajaribu kuelewa. Bosco alipiga na vidole viwili tu, gumba na kidole cha kwanza. Gumba linatembea chini bila kuchoka, sawa mtu anayerudi nyumbani kisha kazi. Kidole kingine kinazunguka juu, kinauliza, kinajibu, kinakimbia, kinarudi. Unasikia watu wawili ao watatu wanaongea, na kumbe mpigaji ni mmoja. Na kati ya maongezi yao kuko pahali pa wazi. Kabla hujafikiri, mguu wako unaanza kupiga chini bila ruhusa yako. Umekwisha kuingia katika maongezi. Hiyo njo nafasi tunayosema.

Nkambo wa mmoja wetu alifanya kazi kwa Union Minière siku zile. Tulimwuliza ginsi watu walivyosikiliza muziki katika kampi. Alitujibu hivi: "Kusikiliza? Hapana. Magaribi tunaikala inje ya nyumba, mumoja iko na gitare, mwingine anapiga chupa ya Fanta na kisu, bengine banaitika. Mutu wa kusikiliza tu, ule alikuwa mugeni." Tuliandika maneno yake sawasawa alivyosema, juu yanatosha kuwa somo.

Sasa wengine watasema: "Hizo ni nyimbo za bare, sisi ni wanafunzi wa masomo ya Kiprotestanti." Tunajua ya kwamba wakubwa wetu wengi wanaogopa neno hili rumba. Wanasema wimbo unafuatana na nyumba yake: ukitoka katika bare, unakuja pamoja na pombe na matusi. Kwa upande mmoja wana haki. Kuko nyimbo zinazotukana wanawake, na ndugu anayeziimba mbele ya dada zetu wa masomo anajiaibisha mwenyewe. Hatutazitetea. Lakini inafaa kuangalia kila wimbo uso wake, si nyumba yake tu. Mwezi wa 12 mwaka 2021 UNESCO iliandika rumba ya Kongo zote mbili katika orodha ya urithi wa binadamu. Kitu kinachoandikwa pale hakiwezi kuwa kelele ya walevi tu.

Tuchukue mfano. Mwanzo wa mwaka 1960 wakubwa wa siasa wa Kongo walikutana na Wabelgiji kule Bruxelles, katika mkutano unaoitwa Table Ronde. Joseph Kabasele na wenzake wa African Jazz walikuwa kule vilevile, na kule njo walitunga "Indépendance Cha Cha". Wimbo huo unataja majina ya wakubwa wa siasa na ya vyama vyao. Radio iliupeleka kila pahali, na hata mtu asiyejua kusoma gazeti alipata habari: uhuru unakuja. Baba za baba zetu waliucheza hapa Katanga, wengi bila kujua Kilingala vizuri. Majina yale yalikuwa ya watu wachache, lakini habari ilikuwa ya kila mtu. Tarehe 30 Juni 1960 haikuwa siku ya Kabasele wala ya wale waliotajwa tu. Kwa hiyo kila msikilizaji alipata kiti chake ndani ya wimbo.

Linganisheni sasa na desturi ya libanga. Ninyi wote munaijua: mwimbaji anatupa jina la tajiri fulani katikati ya wimbo, na tajiri analipa feza. Katika wimbo mmoja unasikia jina moja, kisha lingine, kisha la bibi ya yule wa kwanza, mpaka mwisho. Hatusemi ya kwamba mwimbaji asile. Ana watoto sawa watu wote. Lakini tunauliza: katika wimbo wa namna hii msikilizaji ataketi wapi? Viti vyote vimekwisha kuuzwa. Tunacheza, ndiyo, juu ngoma inakamata miguu, lakini asubuhi hatukumbuki hata neno moja.

Mfano mwingine. Mwaka 1985 Franco na T.P.O.K. Jazz walitoa "Mario". Ni habari ya kijana mwenye masomo yake anayekaa kwa mama mmoja tajiri mwenye umri mkubwa kuliko wake, anakula feza zake, hataki kutafuta kazi. Franco alikufa mwaka 1989, sisi hatukuzaliwa bado. Lakini kila mara wimbo huo ukipigwa nyumbani, wazazi wanacheka, kisha wanatugeukia sisi wenye kutafuta diplome na kutuangalia kidogo. Hawasemi kitu. Hakuna lazima. Franco haongei kama mwalimu aliyesimama juu ya estradi, anaongea sawa jirani anayelalamika karibu na lupango lake, na wewe unasikia huku ukijifanya hausikii. Wimbo huo wa bare umetuonya juu ya uvivu kuliko maonyo mengi tuliyopewa tukiwa tumesimama mustari.

Basi tutoke katika bare, tuingie kanisani, juu hapa vilevile tunapashwa kusema kweli. Kuko wandugu, hata katika kwaya yetu, wanaosema: "Nyimbo za kitabu ni za Wazungu, tuziache zote." Wazo hili halitupendezi. Tuchukue ule wimbo wa Yesu Rafiki, ambao kila mmoja wetu anaujua tangu utoto. Aliyeandika maneno yake ni Joseph Scriven, mtu wa Irlande aliyehamia Kanada. Mchumba wake alikufa katika maji kabla ya ndoa. Mwaka 1855 Scriven aliandika maneno yale kwa kumfariji mama yake, ambaye alikuwa mbali, ng'ambo ya bahari. Hakuandika kwa ajili ya Kongo. Aliandika barua kwa mama mmoja. Lakini maumivu yake yalikuwa ya kweli, naye aliacha nafasi, na mama zetu wameingia ndani. Wanauimba bila kitabu, katika shamba, katika hospitali, kando ya kitanda cha mtoto mwenye homa. Nani kati yao amewahi kuuliza kama Scriven alikuwa Mzungu?

Tena angalieni ginsi wanavyouimba. Wanavuta pahali ambapo kitabu hakivuti. Wanapandisha sauti pahali ambapo solfa inashuka. Sisi wa kwaya, tunaojua do-re-mi, tulikuwa tukicheka kwa siri na kusema: "Bamama banaharibisha." Leo tunaona haya juu ya kicheko kile. Katika lugha zetu nyingi sauti ya juu na ya chini inageuza maana ya neno. Katika Kilingala, "moto" la sauti ya chini ni mtu, lakini ukipandisha mwanzo wake, ni moto wa kuchoma. Kiswahili hakina shida hii, lakini Kiluba kinayo, na Kisanga, na nyingine. Yule aliyeweka maneno ya lugha zetu juu ya muziki wa Ulaya alihesabu silabi, lakini mara nyingi hakufuata kupanda na kushuka kwa neno. Mtu anaimba juu ya mtu, na sikio linasikia moto. Tunafikiri ya kwamba mama zetu, wakipindisha wimbo, hawauharibishi. Wanafungua mlango ambao mtafsiri alisahau kufungua.

Sasa tufike kwenye jambo lililotuma tuandike habari hii. Tulitaka kuliacha, lakini bila hilo maneno yetu yote ni hewa.

Katika trimesta iliyopita mwenzetu mmoja wa darasa alifiwa na mama yake. Hatutataja jina lake, wote munajua. Kwaya ilipata ruhusa kwenda kwenye kilio. Tulitayarisha nyimbo mbili kwa siku mbili, soprano, alto, tenor na basi, kila sauti pahali pake. Tulivaa mashati meupe. Tulifika, tukasimama mistari mitatu mbele ya watu, tukaimba. Tuseme bila kujisifu: tuliimba vizuri. Hakuna sauti iliyoanguka. Tulipomaliza, baba mmoja alisema "Aksanti, bana ba masomo", na kimya kikarudi. Mwenzetu aliketi chini ya mwembe, macho makavu. Watu walituambia ya kwamba tangu siku tatu hajalia na hajasema neno.

Kisha nkambo wake, mama ya mama yake, aliyeketi juu ya mkeka kati ya wanawake, alituangalia sana. Akatuuliza, bila kasirani: "Bana bangu, mulikuya kutuimbia, ao mulikuya kulia na sisi?" Hatukuwa na jibu. Basi yeye mwenyewe alianza. Ulikuwa wimbo wa kilio wa Kisanga. Sauti yake ilikuwa ya mtu mzee, imekatika katikati, na kama mwalimu wa solfa angalikuwa pale angalimpa sifuri. Alitupa maneno machache, na wanawake wote wakaitika. Akatupa mengine, akataja jina la marehemu, na jina la pahali alipozaliwa, na kazi aliyopenda kufanya, wakaitika tena. Mara ya tatu ao ya ine hivi, tulisikia sauti ya mwanaume kati ya zile za wanawake. Ilikuwa ya mwenzetu. Alikuwa akiitika, na machozi yanashuka.

Na sisi wa kwaya? Tulisimama mistari mitatu na mashati meupe, midomo imefungwa. Wengi kati yetu ni watoto wa Basanga. Hatukujua kuitika. Katika kilio kile kila mtu alikuwa na nafasi, hata watoto wadogo wanaocheza kando. Wageni walikuwa sisi tu. Ndipo tulipoelewa neno la nkambo wa Union Minière: mtu wa kusikiliza tu, yule ni mgeni. Na tulielewa vilevile jibu la kijana wa bukari. Yeye hapendi wimbo wa mama yake juu ya uzuri wake. Anaupenda juu ulimwachia nafasi jikoni, kando ya moto, na nafasi ile iko yake mpaka leo.

Wengine watatuuliza: munataka turudi kwa mambo ya wapagani? Tunajibu kwa heshima: hapana. Tunataka kukumbusha mambo mawili tu. La kwanza, Luther mwenyewe alitunga nyimbo kwa Kijerumani, lugha ya watu wake, na kutoka mwaka 1524 zilichapishwa katika vitabu, ili watu wote waimbe, wasikae kimya wakisikiliza Kilatini cha wachache. Basi kuimba kwa sauti ya kwetu si kuacha desturi ya Kiprotestanti, ni kuifuata.

La pili linatoka kwa wenzetu Wakatoliki, na si aibu kujifunza kwa jirani. Hapa hapa Katanga, kule Kamina, Padri Guido Haazen alikuwa na kwaya ya wavulana wa masomo wa miaka 9 mpaka 14 pamoja na walimu wao, iliyoitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Mwaka 1958 waliimba Missa Luba. Maneno yake ni ya Kilatini, lakini muziki na ngoma ni za kwetu. Haikuanza katika karatasi, iliundwa kwa kuimba pamoja, huyu akitoa hiki na yule akiongeza kile. Na ile Kyrie, ombi la huruma, waliimba kwa namna ya kasala, wimbo wa kilio wa Waluba. Watoto wale walikuwa sawa sisi, na wengine walikuwa wadogo kuliko sisi. Disiki yao ilizunguka dunia nzima. Watu wa Ulaya waliosikiliza hawakujua kasala ni nini, lakini walisikia ya kwamba anayeomba huruma hapa anaomba kweli.

Angalieni tofauti. Wale wa Kamina walikuwa na maneno ya kigeni na sauti ya kwao. Sisi tuna maneno ya Kiswahili na sauti ya kigeni. Kila upande una nusu. Mama zetu wanaopindisha nyimbo wanatafuta ginsi ya kuunga nusu hizo mbili, na sisi tuliwacheka.

Kwa hiyo tunaleta maombi matatu kwa Bwana Prefe, kwa Mchungaji, kwa mwalimu wa kwaya na kwenu wandugu wote.

La kwanza: kwaya iendelee na sauti nne na kitabu, hatukatai, lakini kila trimesta ijifunze wimbo mmoja wa kwetu wenye kuitikiwa, na ijifunze kutoka kinywa cha mtu mzee, si kutoka karatasi kwanza. Ukiwa wa Kisanga trimesta hii, uwe wa Kiluba ile nyingine, ao wa Kibemba, ao wa Kilunda. Mchungaji atachunguza maneno yake, hiyo ni kazi yake na tunaikubali.

La pili: tukiimba mbele ya watu, tuache mara moja moja kusimama mistari mitatu. Tukae kati yao. Anayetaka kuitika aitike, hata sauti yake ikiwa sawa ya chura.

La tatu: wakati wa likizo kubwa kila mwanafunzi achukue daftari, aketi karibu na nkambo wake, ao mama, ao jirani mzee, aandike wimbo mmoja: nani alianza kuuimba nyumbani, wakati wa kazi gani, nani anaitika na ginsi gani. Asiandike maneno tu. Maneno bila mtu anayeitika ni maganda ya njugu. Wenye simu nyumbani wanase sauti vilevile. Tracey alitoka mbali sana na mashini yake kuja kutafuta Bosco katika mji huu. Sisi tuna mashini ndogo katika mfuko wa baba, na nkambo yuko kule nyuma ya nyumba, na bado hatuendi.

Kwa nini tunaharakisha? Tutawaambia. Kisha kilio kile tulikubaliana kurudi kwa yule nkambo, tujifunze wimbo wake, ili tuimbe siku ya kuaga wandugu wa mwaka wa mwisho wakimaliza egzame ya Leta. Tulijua ya kwamba ni wimbo wa kilio, lakini kuaga nako ni kutengana, na mwenzetu mwenyewe alikubali. Tulisema tutaenda posho ijayo. Posho ile kulikuwa mupira. Posho iliyofuata kulikuwa interogasio ya hesabu. Kisha mvua. Tulipokwenda mwishoni, tulikuta viti vimepangwa inje tena, na watu wa kilio. Safari hii ilikuwa kilio chake yeye.

Tulikaa chini, kati ya watu, bila mashati meupe. Wanawake waliimba nyimbo nyingine. Ule wake hakuna aliyeuanza. Tuliuliza mmoja, akasema: "Ile ilikuwa yake. Sisi tunajuaka kuitika tu."

Basi hii njo hali yetu leo, wandugu. Jibu tunalo. Tumelishika vizuri, mwenzetu alitufundisha, na usiku katika enternati tunaliimba pole pole, hata yule kijana wa kimya. Lakini mtu wa kuanza hatuna. Tunaitika, na mbele yetu hakuna sauti.

Kwa hiyo tunamaliza na ombi. Kama kuko mwanafunzi hapa, wa darasa lolote, ambaye mama yake ao nkambo wake ni Musanga na anajua kuanzisha nyimbo za kilio, atuone nyuma ya darasa letu saa ya mapumziko. Tutakwenda kwao na miguu, hata iwe mbali. Na safari hii, mupira ukiwako, utachezwa bila sisi.

Tuliandika sisi wenzenu watatu wa kwaya. Mubaki na amani.